Hodi Katika Nyumba ya Mizimu

Watu wa Kaloleni wakitaka gemu ya kutisha huja kwangu, na mimi siwapi mpaka niwahoji kwanza. Nina banda la gemu, chumba cha mbele katika nyumba za zamani za baraza la mji: televisheni tatu, viti vya plastiki, na pazia zito la kijani nililochagua mwenyewe kwenye mirundo ya mitumba pale Kibuye. Televisheni mbili ni za mpira. Vijana hukaa hapo tangu asubuhi wakitukanana, na mimi humfukuza kila mmoja wao angalau mara moja kwa wiki, maana mdomo wangu hauna breki, hilo nakubali. Televisheni ya tatu iko nyuma ya pazia. Hapo mpira hauchezwi, hata fainali ije kuchezewa uwanjani kwetu Kisumu.

Nyuma ya pazia ni mahali pa majini, mizimu, misitu inayonong'ona na majumba yaliyohamwa. Mtu akiomba kuingia namuuliza maswali matatu. Unataka kutishwa au unataka kushangazwa? Mlango ukilia wenyewe nyumbani kwako, unaenda kuangalia au unajifunika shuka? Na ukifa mara kumi mahali pamoja, utairusha padi yangu ukutani? Padi ndicho kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, chenye vitufe, na ni ghali, kwa hiyo jibu la swali la tatu ndilo ninalolisikiliza kwa makini zaidi.

Kuna mwendesha bodaboda mmoja wa Nyamasaria, mteja wangu wa siku nyingi, mwanamume mzima mwenye mabega kama mlango. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, nipatie gemu ya kutisha, lakini isikuwe ya kutisha sana. Mimi napitanga barabara ya giza." Nikampa ile ya mlinzi wa mnara wa taa, ambamo adui humwoni hata mara moja, unasikia tu hatua zake ngazini, na silaha yako ni mwanga. Alitoka ametota jasho, na kesho yake akarudi na wenzake wawili. Wanaopenda mapanga huwapa ile ya mpiganaji mwenye kinyago: akikivaa anaiona mizimu, akikivua mizimu inamwona yeye. Wenye haraka siwapi kitu. Gemu za siri hazitaki mtu anayetazama saa, na mwenye haraka namwambia arudi kwenye mpira.

Najisifu, ndiyo. Lakini mteja aliyenitoa kamasi alikuwa shangazi yangu.

Shangazi ni dada ya baba, na ndiye aliyenilea. Babu yake alitoka pwani akaja na kazi ya reli, akaoa huku ziwani, akasahau kurudi. Kwa hiyo shangazi ana majini wa pande zote mbili: wale wa pwani wenye kwato za mbuzi, na wale wa huku wanaotoka ziwani na kusimama kwenye magugu. Udogoni mwangu alikuwa akifunga mlango, akiketi mkekani, akianza, "Siku moja, mtu kama wewe," na sisi tayari tulikuwa tumebanana kama omena kwenye debe. Kazi yake ilikuwa cherehani pale Kibuye, kurekebisha mitumba: suruali ndefu anaifupisha, gauni pana analibana. Nguo ikishatoka mikononi mwake, mwenyewe wa kwanza hata angepita asingeijua.

Asubuhi moja kiharusi kilimkuta palepale kwenye cherehani. Mdomo ulirudi kwanza, na ulirudi mkali kuliko ulivyoondoka. Mguu ukafuata, pole pole, kwa bakora. Mkono wa kulia ukakataa. Ulikaa mapajani mwake kama mgeni asiyetaka kuaga wala kuzungumza.

Cherehani haikumuuma kama chakula. Kwetu mtu hali kwa mkono wa kushoto. Mkono huo una kazi yake, na kazi hiyo si ya mezani. Kadhi na daktari wote wangemwambia mgonjwa ana ruhusa, na aliambiwa, lakini shangazi akawa anachukua sahani yake, anaingia chumbani, anafunga pazia, anakula kwa kijiko peke yake. Akialikwa harusi anasema kichwa kinamuuma. Idd ile ya kwanza baada ya kuugua sisi sote tulizunguka sinia la pilau barazani, na yeye alikuwa ndani, tunasikia kijiko kinagonga sahani. Nilimfuata. Akaniambia bila kugeuka, "Sitaketi kwenye sinia la watu mpaka mkono wangu unirudie. Usiporudi, mtanizika ninakula chumbani." Nilirudi barazani, pilau likanishinda kumeza.

Daktari wa mazoezi alimpa mpira mdogo wa raba aubonyeze mara nyingi kila siku. Aliubonyeza siku mbili. Siku ya tatu nikaukuta mpira uko na paka.

"Shangazi, paka ndiye mgonjwa?"

"Paka angalau anaufurahia. Mimi nibonyeze raba, nibonyeze, halafu kitokee nini? Hauna mwanzo, hauna mwisho. Hata hadithi mbaya ina mwisho."

Nilirudi bandani nikifoka njia nzima. Nikakaa nyuma ya pazia langu, nikachukua padi, nikaanza kucheza ili hasira zishuke, na macho yangu yakaangukia vidole vyangu vya kulia. Vilikuwa vinabonyeza. Gumba, shahada, gumba, shahada, bila kuchoka, kwa sababu nilitaka kujua kilichokuwa nyuma ya mlango. Nikasema kwa sauti, "Ala! Mjinga mimi!" Vijana wa mpira wakadhani nimewatukana wao, wakanyamaza.

Kumleta haikuwa taabu, maana nyumba yake iko hatua chache tu, na udadisi anao. Kosa nililifanya mimi. Nilimwekea ile ya kinyago, kwa sababu ndiyo inayopendwa. Mpiganaji akaruka, akapinduka, mizimu ikammaliza kabla shangazi hajajua kitufe kiko wapi. "Huyu anapigana au anacheza ngoma?" akauliza. Akafa tena, nami nikaanza kupandisha sauti: bonyeza, si hapo, hapo! Akaiweka padi chini akaniangalia tu, na jicho lile nalijua tangu nikiwa na miaka mitano.

Ndipo nikakumbuka kwamba sikumhoji. Kila mpita njia namuuliza maswali matatu, shangazi yangu mwenyewe nikamtupia gemu kama mtu anavyomtupia kuku mahindi. Nikaketi vizuri, nikamuuliza: unataka kutishwa au kushangazwa?

"Kutishwa nimetishwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Nataka kushangazwa."

"Mlango ukilia wenyewe?"

"Nauliza nani."

"Na ukifa mara kumi, utairusha padi yangu?"

Akautazama mkono wake. "Kwa mkono gani?"

Tulicheka mpaka wa mpira wakachungulia pazia.

Basi nikampa ya kisiwa. Ni gemu ya taratibu, ya ukungu na siri: dada mmoja anavuka ziwa kumtafuta kaka yake kwenye kisiwa ambacho watu wake wamepotea wote, ana taa na panga tu. Wameitengeneza watu wa mbali wasioijua hata ramani ya kwetu, lakini magugu yaliyoelea ufukweni na ndege wakubwa wenye vipara waliosimama juu ya mapaa, ungeapa walipiga picha hapa hapa kwenye ufuo wetu wa Dunga. Kutembea ni gumba la kushoto, na la shangazi lilikuwa zima. Taa, mlango na panga ni vidole vya kulia. Nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja juu ya padi, nikavifunga kwa kipande cha leso visianguke, nikashusha pazia.

Mashua ikagonga kisiwa, na padi ikatetemeka, kama zinavyofanya padi zote.

"Audhubillahi! Kuna nini humu ndani?"

"Ni mota tu, Shangazi. Kamota kadogo."

Akaiinamia padi, akasema pole pole, "Kamenitekenya."

"Wapi?"

"Hapa. Chini ya gumba. La kulia."

Mkono ule ulikuwa na ganzi tangu siku ya cherehani. Nilitaka kulia, nikawapigia kelele wa mpira wapunguze kelele. Siku ile tulirudisha mashua ziwani na kuigongesha kisiwani mara nyingi kupita kiasi, makusudi, ili padi itetemeke.

Siku ya pili tukafika kwenye nyumba ya kwanza, na hapo tukakwama. Si kwa sababu ya mkono. Shangazi alimsimamisha yule dada mbele ya mlango, akasema, "Hodi."

Nikangoja. "Bonyeza kwa gumba, Shangazi, mlango utafunguka."

"Hodi," akasema tena. Na mara ya tatu, "Hodi, wenyewe!" Kimya. Basi akamgeuza dada wa watu, akaanza kumrudisha ufukweni.

"Unaenda wapi?"

"Nimepiga hodi mara tatu, hakuna aliyejibu. Tunarudi."

"Shangazi, hamna mtu mle ndani!"

"Ndiyo maana hatuingii. Nyumba ya watu huingii kama mbuzi."

Siku nne! Siku nne nilibishana na mwanamke mzima juu ya adabu kwa watu waliokufa, tena waliokufa kwenye gemu. Nikamwambia ufunguo uko ndani, akasema si wetu. Nikamwambia ni mizimu, akasema mizimu ina heshima yake, na ndiyo hasa yenye kukasirika. Nilimwita mkaidi, naye akaniuliza ni nani aliyenilea bila adabu, halafu akajikumbuka, akacheka.

Siku ya tano ya ubishi, hodi ya tatu ilipopigwa, nilijibanza nyuma ya televisheni, nikakaza sauti kama bibi kizee, nikaitikia, "Karibu!"

Uso wake ukakunjuka. "Starehe," akasema, na gumba la kulia likaanza kushuka juu ya kitufe, likitetemeka, likishuka, mpaka mlango ukafunguka. Tangu siku hiyo nilikuwa ndiye mwenye nyumba wa kila nyumba kisiwani. Nimeitikia karibu kwa sauti ya mzee, ya mtoto, ya mganga, hata ya mchungaji pale kanisani. Kila karibu ilikuwa mbonyezo mmoja, na kisiwa kile kina milango!

Kisha tukaingia msitu wa ukungu, mahali palipowashinda wateja wangu wote. Humo sauti inamwita yule dada kwa jina lake, mara moja, nzuri kama sauti ya kaka yake. Vijana huikimbilia, na huko huliwa. Yule wa bodaboda alikuwa amekufa hapo mpaka akaanza kusema gemu ni mbovu. Siku hiyo alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kifuani, anangoja kuona shangazi anavyoliwa.

Sauti ikaita. Shangazi akamsimamisha dada, akaizima taa.

"Mkimbilie, anaitwa!" nikasema, maana hata mimi sikujua njia nyingine.

"Gizani ukiitwa mara moja usiitike," akasema. "Binadamu ataita tena. Jini hana subira."

Tukangoja kwenye giza lile. Kitu kikapita kando yetu, kikubwa, kinaburuta miguu, kikaenda zake. Halafu kwa mbali sauti nyingine ikaita, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Huyo sasa ndiye ndugu yake," akasema shangazi, akaiwasha taa kwa kidole cha shahada. Ukungu ukafunguka.

"Kumbe!" akasema bodaboda. "Hata dani, nyanya yangu, alikuwa anatuambianga hivyo hivyo. Na mimi nimekufa bure mwezi mzima!"

Kwa hiyo mila zake, zile nilizozipigia kelele, ndizo zilizotupitisha. Sikumwambia. Aliniangalia tu, akajua kwamba najua.

Ramadhani ikaingia. Daktari alimkataza kufunga kwa sababu ya dawa, jambo lililomuudhi sana, na jirani wakifuturu pamoja yeye bado alikuwa chumbani na kijiko chake. Lakini alasiri hakukosa bandani. Leso hatukuifunga tena. Vidole vilishika vyenyewe. Tulikuwa tumefika kwa mlinzi wa kisima, jitu la matope linalomlinda yule kaka. Ili kulishinda unainua taa kwa kidole cha shahada, unakishikilia, unakishikilia, halafu unaachia na kupiga panga kwa gumba papo hapo. Kidole kilikuwa kinamchoka katikati. Akafa siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Mara moja alibakisha pigo moja tu, stima ikapotea Kaloleni nzima, televisheni ikazimika, na maneno aliyoyasema siku ile ya Ramadhani siyaandiki hapa.

Mimi nilikuwa nahesabu siku. Nilitaka aone utamu wa mwisho wa gemu kabla ya Idd. Alasiri moja alipoinuka kwenda kuswali, gemu ikiwa imesimamishwa, niliichukua padi. Nikaliua lile jitu. Halikunichukua hata dakika tatu.

Aliporudi akamkuta dada amesimama kando ya kisima, amemshika kaka yake mkono.

"Nani kaliua?"

"Mimi," nikasema, natabasamu kama bwege. "Nimekusaidia kidogo."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Wananifulia," akasema. "Wananifunga vifungo. Wananikatia nyama kama mtoto. Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Na wewe, mwanangu mwenyewe, umeninyang'anya tonge mdomoni." Akachukua bakora yake, akaenda.

Nilikasirika, tena sana. Nilimweleza kila mteja jinsi nilivyojitolea na jinsi watu wasivyo na shukrani. Bodaboda alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama," akasema, "mimi ungenifanyia hivyo singerudi hapa tena." Nikamfukuza. Halafu nikakaa peke yangu nyuma ya pazia, nikaona haya mpaka masikio yakanichoma.

Kwa bahati, kwa sababu ya stima zetu, huwa naihifadhi gemu kila mahali. Nikaitafuta hatua ya kabla ya jitu, nikaikuta, nikaifuta ile yangu ya ushindi. Kisha nikaenda mlangoni kwake.

"Hodi, Shangazi."

Kimya. Nilimsikia anakohoa ndani.

"Hodi. Hodi, Shangazi, nimekuja kuomba radhi."

Kimya. Ningeweza kusukuma mlango. Sijawahi kubisha mlango ule maishani, ni mlango wetu. Lakini hodi tatu zilikuwa zimekwisha, na nyumba ya watu huingii kama mbuzi. Nikageuka nikarudi. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pia, na jirani sasa walikuwa wanatoka nje kutazama. Siku ya nne niliita hodi ya kwanza, ya pili, na kabla ya ya tatu sauti nyembamba ikaitikia kutoka ndani, imekazwa kama ya bibi kizee wa kwenye gemu: "Karibu!"

Nilicheka nikilia. Aliniacha nipige magoti, akanisema mpaka akaridhika, kisha akauliza, "Lile jitu bado li hai?"

"Li hai, Shangazi. Linakungoja."

"Twende basi."

Lilikufa alasiri ya siku ya mwisho ya Ramadhani. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu miwili, kwa amri yake. Kidole kikashikilia, kikashikilia, uso wake ukatoka jasho, kikaachia, gumba likapiga. Jitu likamomonyoka likawa matope. Nilipogeuka, mpira ulikuwa umesimama na vijana wote walikuwa wameingiza vichwa ndani ya pazia, na bodaboda, niliyekuwa nimemfukuza, alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Kesho yake, baada ya swala ya Idd, tulitandika jamvi barazani. Sinia likaletwa, pilau linafuka moshi. Nilimwekea shangazi sahani yake na kijiko pembeni, kimya kimya, kama kawaida, ili akichukue akienda. Akakisogeza kijiko kwa bakora. Akaketi jamvini pamoja nasi, taratibu, akanawa mkono wa kulia kwenye bakuli, na hakuna aliyethubutu kutia mkono siniani.

Akaushusha mkono kwenye wali. Vidole vikakusanya, punje zikamwagika, vikakusanya tena, gumba likabana kama lilivyobana kila mlango wa kisiwa kile. Tonge likashika. Akaliinua juu, na mimi nikawa nalifuata kwa macho kuelekea mdomoni mwake.

Halikwenda kwake. Lilivuka sinia likaja mbele ya uso wangu.

"Fungua mdomo," akasema. "Si unapenda tonge la mwenzio?"